Uzito wa Mtu na Urefu Wake: Namna ya Kuihisabu BMI



Katika mkutano mkuu uliopita, yalipomalizika mambo ya magunia na bei, mzee wetu mmoja alisimama na karatasi mkononi akauliza ina maana gani. Alikuwa amekwenda spitali kwa ajili ya goti, akapimwa uzito na urefu, na juu ya karatasi akaandikiwa "BMI 31.6". Zaidi ya hapo hakuelezwa kitu. Waliokaa karibu naye wakajaribu kumsaidia. Mmoja akasema hicho ni kiasi cha damu, mwengine akasema ni sukari, na wa tatu akashikilia kwamba ni umri wa mifupa. Hapana aliyepatia. Kamati ikaniagiza niandike maelezo katika jarida hili, na kwa kuwa jambo lenyewe ni hisabu zaidi kuliko utabibu, nimekubali.

BMI ni herufi za Kiingereza ambazo zimekwisha kuenea katika spitali zote, na madaktari wetu huzitamka hivyo hivyo, bi-em-ai. Maana yake kwa lugha yetu ni kipimo cha uzito wa mtu mzima kwa kulinganishwa na urefu wake. Hakipimi damu, wala sukari, wala mifupa. Ni nambari moja tu, ipatikanayo kwa kuugawa uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, na kazi yake ni kutuonesha kama mtu ni mwembamba kupita kiasi, au ni wa kiasi, au ni mnene kupita kiasi. Aliyejifunza kuzidisha na kugawa skuli anaiweza, na asiyejifunza anaweza kuhisabiwa na mjukuu wake.

Kwa nini uingizwe urefu? Kwa sababu kilo peke yake haisemi kitu. Tuchukue watu wawili, kila mmoja ana kilo 75. Wa kwanza ni mrefu wa mita 1.85, na huyo tukimwona njiani tutasema ni mwembamba. Wa pili ni mfupi wa mita 1.52, na huyo tutamwona ni mnene hasa. Mizani imewaandika sawasawa, na macho yetu yamewaona mbalimbali, na hapa macho yamesema kweli. BMI ya wa kwanza ni 21.9 na ya wa pili ni 32.5. Hisabu imeyaunga mkono macho.

Lakini macho nayo yana udhaifu wake. Sisi visiwani tumezoea kusema kwamba mwili ni neema. Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa husemwa kwamba mumewe anamtunza, na mwanamume akitoa kitambi husemwa kwamba msimu ulikuwa mwema. Mtu akikonda huulizwa kulikoni. Kwa hivyo mnene wa kupita kiasi tunamwona ni mzima, na yule mwenye mwili wa kiasi tunamhurumia. Nambari haina mazoea wala haya, na kwa hiyo yafaa tuijue.

ILIKOTOKA

Mwenye kuanza jambo hili hakuwa daktari. Alikuwa Mbelgiji, jina lake Adolphe Quetelet, aliyezaliwa katika mji wa Ghent mwaka 1796 na kufariki mwaka 1874, mtaalamu wa hisabu na wa nyota. Katika miaka ya 1830 alikusanya vipimo vya watu wengi kwa kutaka kujua mtu wa wastani yukoje, akagundua kwamba kwa watu wazima uzito huongezeka karibu sawa na urefu uliozidishwa kwa urefu. Jambo hili si wazi kwa kufikiri tu. Kama mtu mrefu angekuwa ni mtu mfupi aliyekuzwa pande zote sawasawa, urefu na upana na unene, basi ingebidi tuzidishe urefu mara tatu, kama tunavyohisabu ujazo wa sanduku. Lakini watu warefu hawapanuki kwa kadiri hiyo, na ndiyo maana mara mbili hutosha.

Quetelet mwenyewe hakukusudia kumwambia mtu apunguze kula. Zaidi ya miaka mia ilipita. Mwaka 1972 mtaalamu wa Kimarekani, Ancel Keys, pamoja na wenzake, walilinganisha njia mbalimbali za kupima unene kwa wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, wakaona kwamba hisabu hii nyepesi inafaa kama hizo nyengine au kuzishinda, wakaipa jina la BMI. Mwanachama aangalie neno hilo "wanaume". Nitalirudia hapo mbele. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaweka madaraja yanayotumika mpaka leo.

HISABU YENYEWE

Jipime uzito kwa kilo. Jipime urefu kwa mita, wala si kwa sentimita. Uzidishe urefu kwa urefu. Kisha ugawe uzito kwa jibu ulilopata. Basi, kazi imekwisha.

Mfano. Mkulima ana kilo 70 na urefu wake ni mita 1.68. Twazidisha 1.68 kwa 1.68, twapata 2.82. Twagawa 70 kwa 2.82, twapata 24.8. Hiyo ndiyo BMI yake.

Mfano wa pili ni wa bibi mwenye kilo 88 na urefu wa mita 1.60. Mara 1.60 kwa 1.60 ni 2.56. Kilo 88 kugawa kwa 2.56 ni 34.4.

Mfano wa tatu ni wa kijana mchumaji, kilo 46, urefu mita 1.66. Mara 1.66 kwa 1.66 ni 2.76, na 46 kugawa kwa 2.76 ni 16.7.

Sasa madaraja. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni wembamba wa kupita kiasi. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kiasi. Kuanzia 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 na kuendelea ni unene wenye khatari, nao hugawanywa tena: 30 hadi 34.9 ni daraja la kwanza, 35 hadi 39.9 ni la pili, na 40 na zaidi ni la tatu. Wembamba nao una ngazi zake, kwani chini ya 17 ni mbaya kuliko chini ya 18.5, na chini ya 16 ni mbaya kabisa. Kwa hivyo mkulima wetu wa 24.8 ni wa kiasi lakini amesimama ukingoni, bibi wa 34.4 yumo katika unene wa daraja la kwanza na la pili li karibu, na kijana wa 16.7 amekonda kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Na mzee wetu wa 31.6 yumo pamoja na yule bibi.

Kwa asiyependa kugawa, nimetengeneza orodha ndogo. Tafuta urefu wako, kisha uone kilo zako zinatakiwa ziwe baina ya ngapi na ngapi:

Mita 1.50: kilo 41.6 hadi 56.0
Mita 1.55: kilo 44.4 hadi 59.8
Mita 1.60: kilo 47.4 hadi 63.7
Mita 1.65: kilo 50.4 hadi 67.8
Mita 1.70: kilo 53.5 hadi 72.0
Mita 1.75: kilo 56.7 hadi 76.3
Mita 1.80: kilo 59.9 hadi 80.7
Mita 1.85: kilo 63.3 hadi 85.2

Wazee ambao bado wanajijua kwa ratli na inchi wanaweza kufanya hivi: wazidishe ratli zao kwa 703, kisha wagawe kwa inchi zao zilizozidishwa kwa inchi. Jibu litakuwa lile lile. Futi moja ni inchi 12, kwa hiyo mtu wa futi tano na inchi sita ni inchi 66.

Makosa yanayotokea sana ni matatu. La kwanza ni kuzidisha urefu kwa mbili badala ya kuuzidisha kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.68 akafanya 3.36, akapata BMI ya 20.8 na kufurahi bure. La pili ni kutumia sentimita, na hapo jibu hutoka dogo sana, sifuri na vipande vyake, na mtu hudhani kikokotoo cha simu kimeharibika. La tatu, na hili ndilo baya kwa kuwa halionekani, ni kukisia urefu. Wanaume wengi hujiongezea. Yule mkulima wetu wa kilo 70, kama kweli urefu wake ni 1.65 na yeye amesema 1.68, basi BMI yake si 24.8 bali ni 25.7, amevuka mstari. Sentimita tatu tu. Kwa hiyo usitaje urefu ulioandikiwa miaka ishirini iliyopita, kwani mtu akizeeka hupungua kimo.

Namna ya kupima urefu ni kusimama bila ya viatu, kisigino na mgongo vikigusa ukuta ulionyooka, macho yakitazama mbele. Kofia na kilemba vivuliwe, na kina mama wafungue fundo la nywele. Mtu mwengine aweke kitabu au ubao mnyoofu juu ya kichwa, atie alama ukutani kwa kalamu ya risasi, kisha apime kutoka sakafuni mpaka kwenye alama. Uzito upimwe kwa nguo nyepesi, na mifuko itolewe vitu. Bora iwe asubuhi kabla ya kula.

NAMBARI KUBWA IKITOKA

Niseme kwanza kuhusu mzigo wenyewe, kwa vipimo tunavyovijua. Farasila ya wazee wetu ilikuwa ratli 35, yaani karibu kilo 16. Yule bibi wa mita 1.60 mpaka wa uzito wake ni karibu kilo 64, naye ana kilo 88. Amezidi kwa kilo 24, ambazo ni farasila moja na nusu. Hebu mwanachama afikiri: tukimpa mtu gunia la farasila moja na nusu, tukamwambia alale nalo, aamke nalo, aende nalo sokoni na apande nalo ngazi, kila siku, mwaka baada ya mwaka, tungesema amedhulumiwa.

Mzee wetu alikwenda spitali kwa sababu ya goti, akarudi na nambari, akaona kwamba hakujibiwa. Kwa kweli alijibiwa, ila jibu halikufafanuliwa. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2005 huko Marekani, watu wa makamo na wazee wanene wenye ugonjwa wa goti walipimwa mwendo wao, ikaonekana kwamba kila ratli moja iliyopungua mwilini ilipunguza mzigo wa ratli nne juu ya goti kwa kila hatua. Mtu hupiga hatua maelfu kwa siku. Basi si ajabu goti likalalamika.

Lakini goti lina heri, kwa kuwa linasema. Vipo viungo visivyosema. Kadiri BMI inavyopanda juu ya 25 ndivyo khatari inavyozidi ya kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kiharusi na baadhi ya saratani. Shinikizo la damu aghalabu halina dalili. Mtu anakwenda shamba, anaanika karafuu zake, anasali jamaa, anacheka na watu barazani, na siku moja upande mmoja wa mwili unalala. Hakuna mwanachama atakayesema kwamba hajapata kumzuru mtu wa namna hiyo. Na ukiuliza, mara nyingi utaambiwa hakupata kupimwa hata siku moja.

Kwa hiyo mwenye 25 au zaidi, khasa mwenye 30, asikae na nambari hii nyumbani. Aende kituo cha afya akapimwe shinikizo la damu na sukari. Shinikizo likiwa linasoma 140 juu au 90 chini, au zaidi ya hapo, kwa siku mbalimbali, hilo ni ugonjwa na lina dawa. Sukari iliyopimwa mtu akiwa hajala tangu usiku, ikifika 7.0, daktari ataipima tena ili ahakikishe kama ni kisukari. Vipimo hivi havina maumivu ya kutajwa, ila kuchomwa kidole, nako si zaidi ya mwiba wa mlimau.

NAMBARI NDOGO IKITOKA

Watu wengi wakisoma mambo haya huangalia upande wa unene tu, na mimi naona kwamba kwa chama chetu upande wa pili una haki ile ile. Kazi yetu inategemea wachumaji. Mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake huvunjika upesi, kila mmoja wetu anajua. Kijana wa BMI 16.7 anayepanda alfajiri kwa chai ya mkandaa na kipande cha muhogo, akae juu mpaka jua la saa sita, hana akiba mwilini. Kizunguzungu cha dakika moja, ambacho kwa mtu wa dukani ni jambo la kukaa kitini na kuomba maji, kwake yeye chaweza kuwa kifo au uti wa mgongo kuvunjika.

Wembamba wa kupita kiasi waweza kuwa ni kwa kukosa chakula cha kutosha, na hilo ni letu sote tunaowaajiri watu. Lakini waweza pia kuwa ni ugonjwa: kifua kikuu, minyoo, virusi vya UKIMWI, au hata kisukari chenyewe, kwa sababu kisukari kisichotibiwa humkondesha mtu huku akila na kunywa maji kwa wingi. Mtu aliyepungua kilo bila ya kukusudia, au mwenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi pamoja na jasho la usiku, asipewe ushauri wa kula mayai. Apelekwe kupimwa kwanza. Mayai na maharage na dagaa vitakuja baadaye.

MAKONYO NDANI YA GUNIA

Sasa nieleze udhaifu wa kipimo hiki, kwani kama nisipoeleza mimi wataeleza wapinzani barazani.

Gunia likiwekwa juu ya mizani, mizani husoma kilo. Haijui ndani mna karafuu safi kiasi gani, makonyo kiasi gani na maji kiasi gani. Ndiyo maana mnunuzi hufungua gunia, akatia mkono, akanusa, akachambua. BMI nayo iko hivyo hivyo. Haijui ndani ya mtu mna nyama kiasi gani na mafuta kiasi gani. Hamali wa bandarini mwenye kilo 92 na urefu wa mita 1.78 atapata 29.0, daraja la uzito uliozidi, kumbe mabega yake yote ni misuli. Karani wa kukaa kitini, mwenye mikono myembamba na tumbo lililotangulia, aweza kupata 24 na kuambiwa hana neno, kumbe yeye ndiye mwenye khatari.

Kadhalika, kwa BMI iliyo sawa mwanamke huwa na mafuta mengi kuliko mwanamume, na mzee huwa na mafuta mengi kuliko kijana, kwa kuwa misuli hupungua kwa umri. Hapa ndipo lile neno "wanaume" la mwaka 1972 linaporudi. Nambari ni moja kwa wote, na watu si wamoja. Tena wapo kati yetu wenye asili ya Bara Hindi. Kwa watu wa Asia imeonekana kwamba kisukari huwapata kwa nambari ndogo zaidi, na mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri kwamba kwao tahadhari ianze kwa 23, na khatari kubwa ihisabiwe tangu 27.5.

Wapo pia wasiopimwa kwa madaraja haya kabisa. Mja mzito hapimwi, kwani uzito wake si wake peke yake. Watoto na vijana walio chini ya miaka 19 au 20 wana majedwali yao kwa umri na kwa jinsia, na ni kosa kumwita mtoto wa miaka 12 mwembamba kwa sababu ya 17. Mwenye miguu iliyovimba kwa maji naye hisabu yake haitakuwa sahihi, na mtu wa namna hiyo haja yake ni daktari, si kalamu.

Kwa sababu hizi zote, mwezi wa Januari 2025 tume ya wataalamu wa nchi mbalimbali ilitoa rai katika jarida moja la utabibu la familia ya Lancet kwamba BMI isitumike peke yake kumhukumu mtu kuwa ana ugonjwa wa unene, bali ithibitishwe kwa kipimo kingine, kama vile kiuno. Nimewasikia wengine wakisema kwamba basi BMI imefutwa. Haikufutwa. Imewekwa mahali pake, nayo ni kama ungo wa kwanza. Kinachobaki juu ya ungo ndicho cha kutazamwa tena kwa makini.

KIPIMO CHA KIUNO

Kipimo hiki ndicho kufungua gunia. Chukua futikamba ya fundi cherahani, uizungushe tumboni juu ya ngozi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Vuta pumzi na uitoe kama kawaida, kisha usome. Usilibane tumbo. Najua mtalibana, lakini mnajidanganya wenyewe.

Kwa mwanamume, kiuno kikizidi sentimita 94 khatari imeanza, na kikizidi 102 imekuwa kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Na kwa asiye na futikamba, iko njia ya uzi. Chukua uzi ulio sawa na urefu wako, tangu utosini hadi kisiginoni, uukunje katikati, kisha uuzungushe kiunoni. Ncha zikikutana au zikapitana, vizuri. Zisipofika, tumbo limezidi nusu ya urefu, na hapo yataka kujiangalia. Hamali wetu wa 29.0 uzi huu utamwachia huru, na karani wa 24 utamkamata.

NINI CHA KUFANYA

Yule bibi wa kilo 88 akiambiwa arudi kilo 64 atakata tamaa siku ile ile, na ana haki. Hana haja ya kufika huko ili apate faida. Huko Marekani, katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 ambao sukari zao zilikuwa zimeanza kupanda waligawanywa makundi. Kundi moja lilitakiwa lipunguze asilimia 7 ya uzito na litembee dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua katika kundi hilo kwa asilimia 58, kuliko hata kundi lililopewa dawa ya metformini. Asilimia 7 ya kilo 88 ni kilo 6. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Zamani nusu saa hiyo tuliipata bila ya kuitafuta, kwa kwenda shamba na kurudi. Siku hizi pikipiki humfikisha mtu mpaka chini ya mkarafuu.

Kwa chakula sitasema mengi, kila nyumba ina mpishi wake na sitaki ugomvi. Ila sukari ya chai, vijiko vinne mara tatu kwa siku, ni vijiko kumi na viwili kabla mtu hajala kitu. Soda huongeza. Sinia la wali wa nazi halina lawama kama nusu yake ni mchicha na samaki, na halua ni tamu ya sikukuu, haikuwekwa iwe ya kila alasiri. Mwezi wa Ramadhani wapo wanaofunga mchana na kutoka na kilo zaidi mwezi unapokwisha, kwa sababu ya futari. Dini imekataza israfu hata katika kilicho halali.

Mwenye dawa za shinikizo au za kisukari asiziache kwa sababu amepungua kilo mbili. Hilo ni la daktari kuamua.

UTARATIBU WA KUPIMWA

Kamati imekubali kwamba mizani ya jukwaa ya ghalani itumike kwa wanachama, wake zao na wachumaji wao, kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nne, kabla ya magunia kuanza kuingia. Mizani hii husoma kwa nusu kilo, na hiyo yatosha kwa hisabu yetu. Fimbo ya urefu imekwisha kupigwa alama ukutani karibu na mlango. Kina mama watapimwa na kina mama wenzao katika chumba cha nyuma, wala mwanamume hataingia. Nambari ya mtu itaandikwa juu ya karatasi yake mwenyewe akapewa mkononi. Haitasomwa kwa sauti kama bei ya karafuu, na daftari la chama halitaiweka.

Wenye kuajiri wachumaji wanaombwa wawalete kabla ya msimu kufunguliwa, si baada. Atakayeonekana chini ya 18.5 asipewe mti mrefu mpaka awe amekwenda kituo cha afya, na siku zile atakazokwenda asikatwe posho.

Kila mtu aje na kalamu.

Katibu wa Chama